Kompyuta Iliyofungwa kwa Mpira wa Baiskeli

Tangu nirudi mnaniuliza, kanisani, sokoni, hata kwenye foleni ya maji: Felista, kompyuta yako iko wapi? Mmoja amesema iliibiwa na Waarabu. Mwingine amesema niliiuza nikanunua dhahabu. Nimechoka kueleza nusu nusu huku mteja anasubiri, kwa hiyo nimeandika yote, na karatasi hizi zitakaa dukani juu ya meza. Atakayetaka asome, kisha azirudishe.

Mnaoifahamu kompyuta ile mnajua ilikuwa imezeeka tangu nilipoichukua kwa mwalimu mkuu aliyestaafu. Bawaba zilivunjika, nikafunga kifuniko kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Herufi N iling'oka, nikawa naibonyeza kwa njiti ya kiberiti. Feni yake ilinguruma kama mashine ya kukoboa mpunga. Mimi nimeishia darasa la saba, na kuchapa nilijifunza juu ya kompyuta ile. Ilinivumilia. Kadi za harusi, barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi za nusu ya Ifakara zimepita humo.

Humo ndimo ilimokuwa video ya mazishi ya mama. Mama alipofariki, dada yangu Kalista alikuwa mfanyakazi wa ndani Dubai. Pasi yake ilikuwa kwa mwajiri, yule wanayemwita kafeel, na kila alipoomba ruhusa madam alimjibu inshallah, mpaka tukazika. CD ya mazishi ilikwaruzwa na watoto. Ikabaki kwenye kompyuta tu. Mtaniuliza kwa nini sikuihamishia kwenye flashi. Matundu ya flashi yalikuwa yamekufa yote, na fundi alisema akiifungua haahidi kuifunga.

Kila Kalista alipopiga simu aliuliza swali moja: "Siku ile, jina langu lilisomwa?" Nami nilimjibu, "Subiri, utaona mwenyewe." Miaka miwili nilimjibu hivyo. Basi, nafasi ya kwenda kumsalimia ilipopatikana, nilimwambia, "Dada, nakuletea msiba wa mama." Sikumwambia nauleta ndani ya nini.

UWANJA WA NDEGE, DAR ES SALAAM

Askari wa ukaguzi aliitoa kompyuta kwenye mkoba akaishika kwa vidole viwili.

"Mama, hiki ni nini?"

"Kompyuta, afande."

"Imefungwa na nini?"

"Mpira wa tyubu."

"Iwashe tuone."

Nikamwambia, "Nitaiwasha, lakini itabidi ukae." Alidhani nina dharau. Nikaiwasha. Ikanguruma, askari wawili wakarudi nyuma. Kioo kikabaki cheusi kwa muda wake wa kawaida. Foleni ikafika mpaka mlangoni. Nyuma yangu alikuwa mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye mabegi matupu ya kwenda kujaza vitenge na viatu, akasema kwa sauti, "Jamani, hata ndege yenyewe haichelewi kuwaka hivi!"

Mwishowe ikatokea picha ya mama, amevaa gauni la Pasaka. Askari akainama.

"Huyu nani?"

"Mama yangu. Ni marehemu."

Akavua kofia. "Pole. Basi izime taratibu." Na watu wote wakasubiri tena ijizime.

Ndege ilichelewa. Yule wa Kariakoo, Mama Salma, alikaa karibu yangu akafungua chapati alizofunga kwenye gazeti.

"Mwenzangu unafuata nini Dubai? Nguo au vyombo?"

"Sifuati kitu. Napeleka."

"Unapeleka nini?"

"Mazishi ya mama."

Akanitazama, akautazama mkoba niliokuwa nimeupakata, akahamia kiti cha mbali. Baadaye alinirudia na nusu ya chapati, akaniwekea magotini. Sikumwelewa wakati ule. Sasa namwelewa.

JUMEIRAH LAKE TOWERS

Kalista sasa hayuko kwa madam. Anafanya usafi wa ofisi katika jengo refu huko Jumeirah Lake Towers. Hakupata ruhusa ya kuja kunipokea, akanielekeza kwa simu nipande treni niende moja kwa moja kazini kwake. Ndani ya treni nilitaka kumalizia ile chapati. Mama mmoja Mfilipino akanishika mkono akanionyesha picha ukutani ya chakula kilichokatwa mstari. Nikairudisha kwenye mkoba.

Dada alikuwa mlangoni mwa jengo amevaa sare ya bluu. Amekonda. Tulikumbatiana tukaachana haraka, maana msimamizi wake alikuwa anaangalia.

"Umeuleta?"

"Nimeuleta."

"Mchana nikipumzika tutauangalia wote. Kaa humu, usitoke, usiguse kitu."

Akaniacha kwenye chumba kidogo ambamo watu wa ofisi huchemshia chai, sanduku langu akalipeleka alikohifadhi vitu vyake. Nikaona nitumie akili: nitoe kompyuta, niichomeke, niiwashe mapema, ili mchana ufike imeshawaka. Nikaiweka juu ya meza ya marumaru. Ikaanza kunguruma. Nikarudisha kifuniko na mpira wake, nikaenda chooni.

Niliporudi nilisukuma mlango usio wenyewe. Ulikuwa wa ngazi, ukajifunga nyuma yangu, na ukijifunga haufunguki. Nikashuka nikigonga kila mlango. Nilikwishaanza kusali rozari nilipofunguliwa na binti mmoja mrembo, kucha kama za malaika. Akasema "Welcome, madam", akanikalisha kwenye kiti cha ngozi.

Nilidhani ni mpango wa Kalista. Akaja mhudumu na birika la kahawa yao ya iliki na vikombe vidogo visivyo na mikono, na tende kwenye sinia. Nikanywa. Akajaza. Nikanywa. Akajaza. Kwetu kukiacha kikombe kimejaa ni kumtukana mwenyeji, kwa hiyo niliendelea kumaliza naye akaendelea kujaza, kila mmoja akimheshimu mwenzake, mpaka mikono ikaanza kunitetemeka. Akaja bwana mwenye suti akanionyesha majengo madogo ya plastiki ndani ya kioo. Katika maneno yake nilishika mawili: how many. Nikajibu "one", maana nina dada mmoja tu. Alifurahi, akanipa mkono.

Aliyeniokoa ni mlinzi wa jengo, Mkenya, anaitwa Otieno.

"Mathe, wewe ni wa hapa kweli?"

"Namtafuta dada yangu Kalista, wa usafi."

Akaziba mdomo. "Mathe, hawa wanauza nyumba. Na umewaambia unataka moja."

Akazungumza na yule bwana, na yule bwana akatazama viatu vyangu kwa mara ya kwanza. Otieno akanipandisha kwa lifti huku akicheka hata kofia ikamdondoka. "Na hizo tende zote umemaliza! Kikombe unakitingisha, ndiyo aache kumimina." Ndivyo nilivyojifunza.

Nilipoingia chumba cha chai nilikuta pamesuguliwa, meza inang'aa kama maji. Haina kitu juu yake. Kalista alikuwa anakamua tambara.

"Ulikuwa wapi? Nimekutafuta. Msimamizi anakagua leo, nimesafisha kila kitu."

"Kompyuta iko wapi?"

"Kompyuta gani?"

"Iliyokuwa hapa. Yenye mazishi."

"Si ulileta CD?"

"Nilileta kompyuta."

Akaacha kukamua. "Inafananaje?"

"Nyeusi. Imefungwa mpira wa baiskeli."

Kalista akatia mkono kwenye mfuko wa sare yake, akautoa ule mpira. Aliukunja vizuri, kama anavyokunja kila kitu.

"Hawa vijana wa kompyuta wa ofisi huacha hapa mashine zao zilizokufa," alisema. "Nikakuta kidude kinanguruma, nikachomoa waya kisije kikaunguza jengo. Nikakitupa. Ila niliona mpira ni mzima, nikasema nitafungia fagio."

Jengo zima, watu wa mataifa yote, na aliyeitupa ni mtu pekee Dubai ambaye angejua thamani ya mpira wa tyubu.

CHUMBA CHA TAKA

Taka huko hazishuki kwa ngazi. Kuna bomba ndani ya ukuta, unatupa juu, zinaangukia chini kabisa. Tulishuka kwa lifti ya mizigo. Otieno akatufuata. Msimamizi wa chumba cha taka ni mzee wa Kibangladeshi, na Kalista, ambaye humwita chacha, yaani ami, alizungumza naye kwa maneno ya huko kazini ambayo hayana nchi.

"Chacha, computer. Black. Wapi?"

"Computer?" Mzee akafikiri. "Computer khalas. Lori kuja, lori yalla."

Lori lilikuwa limetoka muda huo huo. Kalista hakukubali. Aliinamia pipa moja mpaka ikaonekana miguu tu, mimi nikimshika mkanda. Mzee alisikitika, akaanza kututolea vitu vingine tuchague: simu ya mezani, mashine ya kahawa isiyo na mfuniko, hata kompyuta nyingine nzuri kuliko yangu. "Take, take. Good one." Sikuweza kumweleza. Nilimshukuru, nikapokea mwavuli, maana alikuwa anaumia tukikataa kila kitu.

Kalista alitoka kwenye pipa, akakaa juu ya ndoo.

"Fe, nimemtupa mama."

Nilitaka kumwambia hapana, kwa sababu ndivyo mtu anavyotakiwa kusema. Haikutoka. Nilisema, "Umetupa video."

"Kuna kingine nilichokuwa nacho?"

Nilimwinua kutoka kwenye ndoo. Msimamizi wake alimruhusu aondoke mapema. Alidhani ni tumbo.

AL TWAR

Dada anaishi Al Twar, kwenye nyumba ya kupanga ambayo akina mama wengi wanachangia, kila kitanda na pazia lake. Tulifika hakuna mtu. Tukavua viatu mlangoni, tukakaa chini kwenye mkeka sebuleni. Kiyoyozi kilikuwa kikali na rimoti haikuonekana, kwa hiyo tukajitanda khanga mpaka kichwani. Mlango tuliuacha wazi ili joto la nje liingie.

Haya ndiyo mliyotaka kujua.

Wa kwanza kurudi alikuwa Wanjiru, Mkenya anayefanya kazi hotelini. Alifika mlangoni anaimba. Akatuona: wanawake wawili chini, khanga kichwani, macho mekundu, kimya. Akanyamaza. Akavua viatu, akaja akapiga magoti.

"Woi. Poleni sana."

"Asante," nilisema. Kwa kweli tulihitaji pole.

Akaenda jikoni akabandika chai ya maziwa kwenye sufuria kubwa. Jirani wa mlango wa pili akapita, akaona viatu na mlango wazi, akaingia, akakaa. Halafu viatu vyake navyo vikaonekana. Mnajua jinsi ilivyo: hakuna mtu anayesimama mlangoni mwa msiba akauliza nani kafa. Unaingia, unatoa pole, unakaa, ukiamini aliyekutangulia anajua. Jioni ilipofika viatu vilikuwa vimejaa mpaka kwenye lifti. Wanaume, kama ilivyo, hawakuingia. Walikaa nje, na nje ilikuwa ngazi. Nikasikia wakigawa karata. Mlinzi wa pale, Mpakistani, alileta viti vya plastiki na kopo la maua, akaweka mkono kifuani. Otieno naye, aliyekuwa akipanga ghorofa ya chini ya jengo hilo hilo, alirudi kutoka kazini akaona umati, akawaambia watu, "Ni wa Kalista. Nilikuwa naye mchana. Mambo ni mabaya." Alikuwa anajua habari ya kompyuta, lakini kuona watu wengi vile alifikiri kuna jingine limeongezeka.

Mimi nilitaka kusema. Lakini kila nilipofungua mdomo mtu alinipa kikombe cha chai au alinikumbatia.

Mwisho akaja Bi Mwanaisha, mama mtu mzima wa Unguja ambaye ameishi mtaa ule tangu Kalista hajazaliwa. Watu wakampisha. Akakaa mbele yetu, akamshika Kalista mkono.

"Poleni wanangu. Mungu awape subira. Sasa hebu nambieni, mwili uko wapi? Huku bila karatasi hausafiri, mambo haya yataka haraka."

Kalista, ambaye hakuwa amesema neno tangu chumba cha taka, akajibu kutoka ndani ya khanga:

"Nimeutupa."

"Umefanyaje?"

"Nimeutupa kwenye taka. Mimi mwenyewe. Lori limeuchukua."

Wanjiru akaangusha kikombe. Kwenye ngazi karata zikakoma. Mtu akasema "Yesu!" na mlinzi wa Kipakistani, ambaye haelewi Kiswahili, akasimama kwa kuwa wengine wamesimama.

Nikapaza sauti. Mimi huwa sipazi sauti. "Jamani, hakuna aliyekufa leo! Ni kompyuta!"

Waliosimama wakakaa, mlinzi naye akakaa.

"Kompyuta?" alisema Wanjiru.

"Yangu. Ilikuwa ya zamani."

"Mimi nimewapigia simu watu wa Sharjah!" alilia Wanjiru. "Wako njiani na wali!"

Kutoka ngazini sauti ya mwanamume ikasema, "Kwa hiyo nimekosa overtime juu ya laptop?" Na Otieno akajibu, "Si laptop ya kawaida, hukuiona feni." Naye hakuwa ameiona. Watu wakaanza kucheka, wengine wakaanza kutafuta viatu vyao, na kutafuta viatu vyako kwenye rundo lile ilikuwa kazi ya usiku mzima.

Bi Mwanaisha hakucheka. Alikuwa bado ameshika mkono wa Kalista.

"Mtu halii hivi kwa kompyuta. Ilikuwa na nini?"

"Mazishi ya mama," alisema Kalista.

"Mama kafa lini?"

"Mwaka juzi."

"Na matanga yalikaliwa wapi?"

"Nyumbani, Ifakara."

"Na wewe ulikaa wapi?"

Kalista akafikiri kama mtu anayekumbuka kweli. "Nilipiga deki. Madam alikuwa na wageni siku ile."

"Na nani alikupa pole?"

"Sikumwambia mtu."

Wanjiru akaacha kuokota vipande vya kikombe. Alikuwa akilala pazia la jirani na dada yangu mwaka mzima.

Bi Mwanaisha akageuka kwa watu. "Viatu viacheni. Chai ipo, watu wapo, wali uko njiani. Kaeni." Kisha akaniambia mimi, "Nawe uliyaona kwa macho yako?"

"Niliyaona."

"Basi simulia."

Nikasimulia yale yaliyokuwa kwenye video, kwa mpangilio wake, maana sijui kusimulia vingine. Inaanza na kidole gumba cha mpiga picha. Halafu sufuria za wali, muda mrefu kuliko jeneza, kwa sababu mpiga picha alikuwa na njaa. Padre anafika na matope mpaka magotini, pikipiki imemfia njiani. Turubai linaanguka juu ya waimbaji wa sauti ya nne, nao wanaendelea kuimba humo humo chini ya turubai. Baba Mdogo anagombana na katekista nani abebe msalaba, mpaka wanaubeba wote wawili na unakwenda upande. Kwenye ngazi walicheka. Ndani walicheka. Kalista alicheka huku machozi yanamtoka, akasema, "Baba Mdogo huyo huyo!"

Halafu akauliza. "Jina langu lilisomwa?"

"Lilisomwa. Msoma wasifu wa marehemu alilisoma Kalisti, kama la mwanamume. Baba Mdogo akapiga kelele kusahihisha."

"Basi?"

"Halafu wakaita watoto wa marehemu waje kuweka udongo. Mimi nikaenda. Mwenye kipaza sauti hakujua kwamba hupo, akaita, Kalista. Hakusimama mtu. Akaita tena. Mpiga picha naye hakujua, akageuza kamera akaanza kukutafuta. Kwa akina mama. Kwa kwaya. Mpaka kule zilikoegeshwa baiskeli. Alikutafuta muda mrefu, dada. Hapo ndipo nilipotaka upaone."



"Niite," alisema Kalista.

"Nini?"

"Niite kama alivyoita."

Nikaona haya, mbele ya watu wote wale. Nikaita, "Kalista."

Akasimama. Khanga ikamwanguka. "Nipo," alisema.

Akabaki amesimama, hajui la kufanya na mikono. Wanjiru akaenda dirishani, akaleta kopo alilopandia sukuma wiki, akaling'oa shina lake moja kubwa, akamsogezea. Kalista akachota udongo kwa mkono. Lakini hapakuwa na pa kuuweka. Bi Mwanaisha akautazama mkeka, akanitazama mimi. Nikakunjua pindo la khanga yangu. Dada akauweka humo, nami nikafunga kifundo, nikakikaza kwa ule mpira wa baiskeli uliokuwa bado mfukoni mwake.

Wali wa Sharjah ulifika ukaliwa wote. Akina mama wa Kenya waliimba, Bi Mwanaisha alisoma dua yake, na mlinzi wa Kipakistani alisali kwa ajili ya mtu ambaye mpaka leo sidhani kama anamjua ni nani.

KURUDI

Siku zilizobaki tulilala kitanda kimoja, tukaongea habari za mama mpaka mapazia ya jirani yakaguna.

Uwanjani Dar nilisimamishwa tena. Ofisa alikibonyeza kile kifundo. Huko watu hurudi na dhahabu wameificha, kwa hiyo simlaumu.

"Fungua. Ni nini?"

"Udongo."

"Umetoka Dubai na udongo?"

"Ndiyo."

"Dhahabu huna?"

"Nina mwavuli."

Akakifungua kifundo, akauchambua udongo kwa kalamu, akapata mzizi wa sukuma wiki. Akanifungia yeye mwenyewe, akaukaza mpira vizuri kuliko mimi.

Kompyuta sina. Kwa sasa kadi zenu nachapa kwenye ile ya parokia siku ya Jumanne na Alhamisi, na herufi zote zipo, hata N, nami bado naijia na njiti ya kiberiti mkononi. Mpira nimeuweka dukani, unafunga droo.

Nilipofika nilikwenda makaburini kabla ya kwenda nyumbani. Nikaumimina ule udongo juu ya mama, nikamwambia, "Huu ni wa Kalista. Ameitwa na amesimama." Nikaondoka. Nilipofika barabarani nikaona si haki. Nikarudi, nikachuchumaa, nikamwambia na habari ya lori la taka.